Sura ya Saba: Ukimya wa Gari Jeusi

Lori lilisikika kabla halijaonekana. Lilikuwa juu huko upande wa Soni, ndani ya ukungu, likinguruma kama fahali aliyefungiwa zizini. Mara mngurumo ukakatika. Haukufifia, ulikatika, kama mtu aliyezibwa mdomo. Ukabaki mlio wa matairi na bodi la mbao likigongagonga, na mlio huo ukazidi kushuka, ukazidi kasi, mpaka Inspekta Tobia Shekalaghe akaruka kando na kubandika mgongo kwenye ukuta wa mlima.

Lori la kabeji likachomoza kwenye kona, likampita likinuka breki, likasimama mbele kwa taabu baada ya kuuona mkono wake. Dereva, jitu nene lenye kofia ya sufu, alitoa kichwa dirishani.

"Afande, umesimama pabaya! Hapo ndipo lilipotumbukia gari jeusi la ushirika."

"Ndiyo maana nimesimama. Mbona umezima injini mlimani?"

"Sijazima. Nimetoa gia tu, nimetia fri." Dereva alicheka. "Redio si inatuambia kila siku tubane mafuta? Nami nabana. Mlima unanishusha bure, nichome mafuta ya nini? Toka Soni unatia fri, unamwachia Mungu na breki."

"Na breki zikichoka?"

"Nakanyaga klachi, napandisha injini sauti kidogo, naingiza gia. Inanigunia, lakini inashika. Madereva wa mboga wote ndivyo tunavyoshuka. Marehemu Saidi ndiye aliyekuwa bingwa wetu. Alikuwa akitia fri pale kwenye maporomoko, anaimba mpaka Mombo. Laiti angekuwa yeye kwenye usukani siku ile, wangefika. Lakini walishushwa na baba yake, na ule mguu wake wa gogo! Nani alimpa leseni mzee yule?"

Tobia alimpungia mkono aende, akabaki akitazama chini, pale migomba ilipovunjika na kuacha mfereji mrefu mpaka kwenye mawe ya mto.

Habari yenyewe ilikuwa inajulikana Lushoto nzima. Gari jeusi liliachwa na Mwingereza wa shamba la chai mashamba yalipotaifishwa, likapewa chama cha ushirika cha wakulima wa mboga. Lilikuwa otomatiki, peke yake katika milima yote ile. Gia zake zilibadilika zenyewe, na chini kulikuwa na pedali mbili tu. Tangu enzi za Mwingereza mpaka juzi liliendeshwa na mtu mmoja, Mzee Hamisi Kaniki. Mguu wake wa kushoto ulivunjwa na gogo kwenye kiwanda cha mbao cha Shume, ukapona mkavu kama mchi. Gari la klachi hawezi. Hili halikumdai mguu wa kushoto, naye alilipenda kama mtu anavyompenda mke aliyemkubali na kilema chake.

Siku ya ajali walikuwa watatu: Mzee Hamisi; mwanawe Saidi, dereva wa lori ambaye lori lake lilikuwa limelala kwa kukosa vipuri; na Raheli, karani wa ushirika, binti wa Mgwashi, aliyekuwa anawahi basi Mombo. Saidi na Raheli walikufa palepale. Wote watatu walirushwa nje gari likibiringika, kwa hiyo hakuna aliyekutwa kwenye usukani. Saidi alizikwa siku iyo hiyo kabla jua halijazama, baba yake akiruhusiwa kutoka hospitali kwa muda ili amvishe sanda. Mzee Hamisi alipoulizwa hospitali alisema hakumbuki kitu. Kisha Raheli akazikwa Mgwashi, na kutoka makaburini Mzee Hamisi akaenda moja kwa moja kituoni, bandeji kichwani, akasema: "Niliendesha mimi. Nilitia fri. Nifungeni."

Mkuu wa kituo alifurahi. "Amekiri, Shekalaghe. Kesho anapanda mahakamani. Wewe unatafuta nini tena?"

"Natafuta kwa nini alikumbuka akiwa makaburini," alijibu Tobia. Mkuu akamwambia jioni ndiyo mwisho wake.

*

Mabaki ya gari yalikuwa yamevutwa mpaka gereji ya ushirika pale Soni. Fundi Silvano, mtu mwembamba mwenye maneno mengi, alimpokea akiwa na hasira tayari.

"Karibu, afande. Umekuja kunitia pingu? Mji mzima unasema breki nilifunga vibaya. Hata mke wangu jana kaniuliza, tena akinipakulia ugali. Ugali ukanikaa hapa." Alijishika koo.

"Ulifunga vibaya?"

"Njoo utazame kwa macho yako, usitazame kwa masikio ya watu."

Alimwonyesha. Mabomba ya breki yalikuwa mazima, hayakukatwa wala kuvuja. Lakini ngoma za magurudumu zilikuwa zimebadilika rangi kwa moto, na bitana zake, yale mabamba yanayosugua, zimemeng'enyeka kama mkaa.

"Breki hizi hazikuharibika," alisema Silvano. "Zilichoshwa. Mtu kazikanyaga toka juu mpaka chini bila injini kusaidia. Hamna breki duniani ya kuvumilia hivyo kwenye mlima huu."

"Mzee amesema alitia fri."

"Kasema." Fundi alitema mate pembeni. "Na mimi nikisema nimeolewa na Mzungu utaandika?"

Tobia alivua koti, akakunja mikono ya shati. "Fungua giaboksi."

"Nimeshafungua. Nilikuwa nangoja mtu mwenye akili aje kuomba."

Mezani, juu ya gunia, zilipangwa pleti za klachi. Maana gari lile, ingawa halikuwa na pedali ya klachi, klachi lilikuwa nazo, zimefichwa ndani ya giaboksi: pleti nyembamba za mviringo zilizoloweshwa mafuta, zinazobanana na kuachiana zenyewe gia inapobadilika. Silvano alizigawa mafungu mawili.

"Anza na hizi. Hizi ndizo za gia ya kurudi nyuma."

Tobia alipitisha kidole. Bitana ilikuwa imelika sawasawa pande zote, laini, bila mkwaruzo, kama kidato cha mlango wa kanisa kilichokanyagwa na waumini wa vizazi.

"Huo ndio mguu na mkono wa Mzee Hamisi," alisema Silvano. "Miaka yote hiyo! Hajawahi kuipeleka gia nyuma gari likiwa bado linatembea mbele. Anasimama kabisa, anavuta pumzi, ndipo anashusha mkono wa gia. Nilikuwa nikimtania: mzee, unabembeleza gari au mtoto?"

"Na hizi?"

Fundi hakuchekacheka tena. Fungu la pili lilikuwa jeusi. Bitana zimebabuka, nyingine zimebaki vipande, na pleti za chuma katikati yake zilikuwa na madoa ya buluu, rangi ambayo chuma huipata kikiungua sana. Tobia aliinua moja, akainusa. Ilinuka kama ugali uliosahauliwa jikoni.

"Hizi za kwendea mbele?"

"Za kwendea mbele."

"Zimechakaa kwa muda gani?"

"Hazikuchakaa. Zimeungua." Silvano alitoa chupa chini ya meza, ndani mna mafuta mekundu mazuri. "Mafuta haya niliyatoa kwenye giaboksi hiyo kabla ya Idi, nikatia mapya. Tazama rangi. Kama mzee angekuwa na tabia ya fri, yangetoka meusi zamani. Sasa tazama yaliyotoka jana." Akamwonyesha kopo. Yalikuwa kama kahawa iliyochacha.

Tobia alikaa juu ya tairi, pleti iliyoungua mkononi. Alifikiri kwa sauti, kama ilivyokuwa kawaida yake, na fundi akamwacha.

"Gari linashuka. Mtu anatia fri. Injini inanyamaza, breki zinabeba uzito wote, zinachoka. Anataka kurudisha gia. Kwenye lori angekanyaga klachi, angepandisha injini sauti, angeingiza. Hapa anaitafuta klachi kwa mguu wa kushoto, haipo."

"Haipo, ndugu yangu."

"Kwa hiyo anavuta tu mkono wa gia. Gari liko kasi, injini iko chini. Pleti zinakutana kwa nguvu, moja inakwenda mbio, nyingine imezubaa. Hazishiki. Zinasuguana mpaka zinaungua."

"Kufumba na kufumbua. Na zikishaungua hata ashuke malaika hazishiki tena."

"Mzee Hamisi alikuwa akishukaje?"

"Anafika mwisho wa Soni, anasimama. Anaweka gia ya chini gari likiwa limesimama, ndipo anaachia. Linashuka linanguruma lote mpaka Mombo, polepole kama bibi harusi. Madereva wa mboga wakimpigia honi, wakimwita konokono. Anawaambia, 'Tangulieni, nitawakuta kwenye matanga yenu.'" Silvano alikumbuka alichokisema, akarudisha chupa chini ya meza.

Tobia aliitazama pleti. "Mtu asiyeweza kukanyaga klachi tangu gogo limvunje, atapata wapi tabia ya dereva wa lori?"

Fundi aligeuka, akaanza kupanga spana ambazo zilikuwa zimeshapangwa. "Afande," alisema bila kumtazama, "mimi nimesema breki zangu zilikuwa nzima. Hayo mengine sikuyasema mimi."

"Hukuyasema."

"Yule kijana alikuwa akinisalimia hata akiwa na haraka."

*

Chumba cha mahabusu cha kituo cha Lushoto kilikuwa na dirisha moja dogo, na alasiri ile ukungu ulikuwa unaingia humo kama moshi. Mzee Hamisi alikuwa amekaa sakafuni, mguu wa kushoto umenyooshwa mbele, kofia yake ya kufuma juu ya bandeji. Tobia aliinama mlangoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Polisi anamwamkia mwizi?"

"Sijamwona mwizi humu."

"Muuaji, basi. Ni mamoja. Kesho tunakwenda saa ngapi?"

Tobia alikaa sakafuni pia, wakatazamana. "Nieleze tena ulivyoshuka."

"Nimeshaeleza."

"Nieleze mimi."

Mzee alivuta pumzi. "Nilitia fri. Gari likashika kasi. Breki zikakataa. Tukaanguka. Basi."

"Ulitia fri wapi?"

"Hapo... kwenye maporomoko."

"Kwa nini? Miaka yote hukutia."

"Mafuta. Si mnasema tubane mafuta?"

"Na breki zilipokataa ulifanya nini?"

Vidole vya mzee vya mkono wa kuume vilikuwa vinatembea hewani, vikishika mkono wa gia usiokuwepo, vikiushusha taratibu. Akaviona, akavikunja. "Sikufanya kitu. Nilishtuka."

Tobia aliingiza mkono mfukoni, akatoa kitambaa, akakifungua. Aliiweka pleti iliyoungua juu ya goti la mzee, bila neno.

Mzee aliiokota kwa mikono miwili. Aliigeuza, akayatazama madoa ya buluu, akapitisha kucha kwenye bitana, nayo ikabanduka ikamwagika kama majivu. Uso wake ukabadilika. Alisahau bandeji, alisahau mahabusu, alisahau kesho.

"Nani kafanya hivi?" alifoka. "Nani kaingiza gia gari likiwa kwenye mbio? Nani kaliunguza gari langu hivi?"

Maneno yalifika ukutani yakarudi. Mzee Hamisi aliyasikia yakirudi. Pleti ikamponyoka, ikaviringika sakafuni, ikazunguka, ikazunguka, ikalala.

Tobia hakuiokota.

"Wewe mtoto ni mbaya," alisema mzee hatimaye, kwa sauti ndogo. "Umenitega kwa kitu ninachokipenda."

"Nisamehe, mzee."

"Nilikuwa na homa," alisema mzee. Sasa alizungumza kama mtu anayetua mzigo kichwani, polepole, asije akauvunja. "Tulipofika Soni macho yakaniwia mazito. Saidi akasema, baba, lala nyuma, nitashusha mimi. Nikamwambia hili si lori, ukianza kushuka weka gia ya chini. Akacheka. Akasema, baba, gari lisilo na klachi ni gari la watoto. Raheli naye akacheka. Nikalala na vicheko vyao masikioni." "Unajua kilichoniamsha? Si kelele. Ni ukimya. Gari lile nimelisikia likinguruma mlimani miaka yote. Nikasikia limenyamaza, nikajua mwanangu ametia fri. Nikapiga kelele: usirudishe gia! Na mkono wake ulikuwa umeshashuka."

"Kwa nini hukusema hivyo hospitali?"

"Nilikuwa sijui la kusema. Mtoto yuko kaburini, nimseme?"

"Halafu ukaenda Mgwashi."

Mzee alimtazama, akaelewa kwamba anajua. "Ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

Wote wawili walikuwa wamesimama kwenye mvua siku ile. Mchungaji alikuwa amemaliza sala, udongo umeanza kutupwa, pale Mama Raheli, Dorkasi, alipowasukuma wanawake waliomshika, akasimama ukingoni mwa kaburi la binti yake wa pekee. Hakulia. Alisema kwa Kishambaa, wazi, kila mtu akasikia: Aliyeushika usukani ule, ardhi isimpokee. Asipate pa kulala, juu yake wala chini yake. Mchungaji alimwambia, mama, usiseme hivyo. Naye akasema, nimeshasema.

"Wewe ni Mlutheri," alisema Mzee Hamisi. "Utaniambia laana ni maneno. Shehe naye ameniambia hukumu ni ya Mungu. Ni kweli. Lakini mimi pia ni Mshambaa, mwanangu, na neno la mama mwenye uchungu silichezei. Nililisikia likipita juu ya kichwa changu, likienda Lushoto, likienda kwenye kaburi la Saidi lililokuwa bado bichi. Nikasema hapana. Linipate mimi. Mimi niko juu ya ardhi, nina mguu mmoja na nusu, naweza kuhangaika nalo. Yeye atalikimbiaje? Nimemfunga sanda kwa mikono hii."

Tobia alitazama mikono ile.

"Na Hadija?" aliuliza. "Mkwe wako ana mimba. Ukifungwa atajifungulia kwenye nyumba ya nani?"

"Atazaa mtoto ambaye baba yake alikufa salama. Hilo linatosha."

"Halitoshi. Mtoto atataka chakula, na babu wa kumfundisha kushuka Soni. Na Mama Raheli je? Atakwenda kaburini na neno alilomtupia mtu asiye na hatia. Atakapolijua, hatalala yeye."

"Hatalijua."

"Silvano anajua. Mimi najua. Na kitu kile kinajua." Alionyesha pleti sakafuni.

Mzee Hamisi alifunika uso. Kisha akasema kutoka nyuma ya viganja, "Basi andika. Andika jina la mwanangu umalize kazi yako. Si ndiyo kazi?"

Tobia alisimama. Aliokota pleti, akaifunga katika kitambaa.

"Mzee, sikiliza. Mkuu wangu nitamwambia leo kwamba hukuendesha wewe, basi. Atanitukana, na anitukane. Hupandi mahakamani kesho. Alfajiri napanda Mgwashi. Nitakaa uani kwa Mama Raheli, nitamwambia yote: homa yako, vicheko vya watoto wale wawili, na ulichokifanya ulipolisikia neno lake. Nitamwomba alitengue kwa kinywa kile kile. Kabla hajalitengua, jina la Saidi halitaandikwa na kalamu yangu."

Mzee Hamisi alishusha mikono. Macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyetoka kwenye moshi.

"Na akikataa? Ni binti wa pekee yule. Mimi ningekataa."

Tobia alikuwa amefika mlangoni. Aligeuka, akarudi, akachuchumaa mbele ya mzee, akaishika mikono ile miwili. Wote walisikia askari wa zamu akitikisa funguo koridoni.

"Akikataa, nitamwomba neno lile la laana alitupe kwangu, mimi niliyeuchimbua ukweli. Nami sina kaburi bado, nina pa kukimbilia. Nakuahidi, tate, baba yangu: kwa vyovyote vile, Saidi hatalibeba."